Twende Tukakione Chuo Kabla ya Kulipa Karo



Kila inapokaribia Januari, Mei au Septemba, miezi ambayo vyuo vya ufundi huchukua wanafunzi wapya, wazazi hutujia na karatasi mkononi. Karatasi ina picha ya kompyuta na msichana anayecheka, na chini yake nambari ya simu ya kutuma pesa. Wanatuuliza, "Je, chuo hiki ni kizuri?" Nasi tunawauliza, "Mmeenda kukiona?" Wengi hawajaenda.

Mama mmoja wa kikundi chetu aliuza ng'ombe wa maziwa, akaongezea na mkopo wa chama, ili binti yake asomee ushonaji mjini. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka. Msichana alisoma miaka miwili. Siku za mtihani zilipofika, hakuwa na nambari ya mtihani, kumbe chuo hakikuwa kimesajiliwa. Kushona anajua, tena vizuri, lakini alipoomba kazi penye kushonwa sare za shule aliulizwa cheti. Ng'ombe hakurudi. Mkopo wa chama tuliulipa pole pole sisi sote, na hapo ndipo tulikata shauri: kikundi hakitoi tena pesa za karo mpaka watu wawili wamefika chuoni pamoja na kijana mwenyewe.

Hivi vyuo vidogo si jambo geni kwa makanisa. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Wakristo lilitoa ripoti iliyouliza watoto watafanya nini wakimaliza shule ya msingi, na kutokana nayo zikaanza zile politekniki za kijiji. Nyingi zilijengwa kwa harambee, mabati na mawe ya wazazi wenyewe. Katiba ya 2010 iliziweka chini ya kaunti, na siku hizi huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi. Basi usione aibu kumpeleka mtoto huko, ati kwa sababu jirani amepeleka wake mjini. Chuo kidogo mwalimu anamjua kila mtu kwa jina, na kijana aweza kutembea kutoka nyumbani, ukaokoa pesa za kulala na kula. Ubaya wake ni kwamba vingine havina vyombo vya kutosha. Hilo ndilo la kwenda kuangalia.

Nendeni siku ya kazi, katikati ya wiki, saa nne hivi asubuhi. Msingoje siku ya sherehe, maana siku hiyo hata cherehani mbovu hupakwa mafuta ikang'aa. Semeni hodi ofisini kwanza, mweleze mmetoka wapi, kisha mwombe kuingia karakana. Hesabuni cherehani zinazofanya kazi, mhesabu na wanafunzi. Tulifika chuo kimoja tukakuta cherehani kumi na mbili, lakini sita hazikuwa na mkanda. Kwenye useremala angalieni kama kuna maranda sakafuni. Karakana iliyo safi sana saa nne asubuhi, sisi tunaiogopa.

Halafu ulizeni cheti cha usajili. Tangu sheria ya mwaka 2013, kila chuo cha ufundi lazima kiwe na kibali cha TVETA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo ya ufundi. Mwalimu mkuu mwenye kibali hukionyesha bila maneno mengi. Mara nyingi kiko ukutani. Mkiwa na shaka, mwombeni kijana mwenye simu ya intaneti atazame orodha ya vyuo vilivyokubaliwa kwenye tovuti ya TVETA. Tena ulizeni: mtihani wa mwisho ni wa nani? Ni wa Baraza la Mitihani, au ni ule wa gredi unaotolewa na NITA, ambao huanzia gredi ya tatu kwenda ya kwanza? Mkiambiwa, "Tunatoa cheti chetu wenyewe," shikeni pesa zenu kwanza. Huyo binti tuliyemtaja baadaye alifanya ule mtihani wa gredi ya tatu akapita, lakini alikuwa amepoteza miaka miwili.

Juu ya karo, ombeni iandikwe yote: vifaa, sare, chakula, ada ya mtihani, na yale mazoezi ya kazi nje ya chuo. Karo ndogo mara nyingine ina watoto wengi nyuma yake. Lipeni kwa akaunti ya chuo, si kwa simu ya mtu, na mchukue risiti.

Wenye mabinti, msione haya kutazama bweni na choo. Je, mlango una kufuli? Nani analala pale usiku? Na kama msichana ana mtoto mchanga, ulizeni wazi kama kuna mahali pa kumwacha akiwa darasani. Tumeona wasichana wakiacha masomo kwa sababu hiyo tu.

Jambo la mwisho ni kijana mwenyewe. Tulimpeleka mvulana mmoja ambaye baba yake alitaka awe mekanika wa magari. Tulipokuwa tukiongea na mwalimu tulimkosa. Tukamkuta kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, amesimama, hata chai hataki. Baba alinung'unika njia nzima, lakini alikubali. Kwa hivyo mwacheni kijana azunguke peke yake, azungumze na wanafunzi bila sisi wazee karibu. Wao watamwambia kama mwalimu hufika.

Mkirudi, msitoe jibu siku hiyo. Piteni sokoni, mtafute fundi mmoja au wawili waliotoka chuo hicho, mtazame kazi yao na mwaulize walikaa muda gani kabla ya kupata wateja. Kisha leteni habari hiyo kwenye mkutano wa kikundi, ndipo mweka hazina afungue kitabu.