Hoya Huotea Kwenye Kifundo

Kila inapokaribia Sikukuu ya Wapendanao, maduka ya maua ya Ulaya na Marekani hujaa vikopo vyenye jani moja nene lenye umbo la moyo. Ni jani la Hoya kerrii, mmea wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Jani hilo hutoa mizizi na huweza kubaki kijani kwa miaka, lakini mara nyingi halichipui kamwe, hata likitiwa mbolea ya namna gani. Limekatwa bila kifundo.

Kifundo ni pale jani linapoungana na shina. Hapo ndipo lilipo jicho la kuchipua, na karibu yake hutokea mizizi. Ukilichunguza tawi la Hoya carnosa lililokomaa, utaona vinundu na vinyuzi vifupi vya kahawia. Hiyo ni mizizi ya hewani. Porini, hoya nyingi hutambaa juu ya miti na kujishikiza kwenye magome yake bila kuinyonya. Anayepanda kipandikizi anautumia uwezo huohuo. Mkulima wa muhogo anaijua kanuni hii: pingili isiyo na macho haioti.

Chagua tawi lenye afya, lililokomaa kiasi, lenye vifundo viwili au vitatu. Acha ncha laini isiyo na majani, maana huoza upesi. Futa wembe kwa spiriti, kisha kata sentimita moja hivi chini ya kifundo. Utatoka utomvu mweupe. Usiuguse, kwani unaweza kuwasha ngozi na macho. Acha kidonda kikauke kwa saa moja au mbili, halafu ondoa majani ya chini. Vikonyo vilivyokwisha kutoa maua usivikate kwenye mmea mama, kwa sababu hoya nyingi huchanua tena palepale.

Ukitumia maji, zamisha kifundo cha chini tu na ubadilishe maji kila wiki. Mizizi ikifika sentimita mbili au tatu, hamishia kwenye udongo bila kukawia. Mimi napendelea kuanzia moja kwa moja kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na kusuuzwa ili kuondoa chumvi, yakachanganywa na perlaiti au vipande vidogo vya mkaa. Mchanganyiko huo hushika unyevu na bado hupitisha hewa, na mizizi ya hoya haiwezi kuishi bila hewa. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ufunue kidogo kila siku, na uweke karibu na dirisha pasipopigwa na jua kali. Joto la nyuzi 20 hadi 27 linatosha.

Mizizi huchukua wiki chache, na kwenye baridi huchelewa zaidi. Majani yakinyauka kidogo, ongeza unyevu wa hewa, si maji kwenye kopo. Shina likiwa jeusi na laini, kata hadi sehemu nzima na uanze upya.

Mizizi pekee isikuridhishe. Kipandikizi kimeshika pale jicho linapofumbuka na kutoa chipukizi. Hapo ndipo uanze kutia mbolea, tena iliyozimuliwa, na mmea uuache kwenye chungu kidogo. Chungu kikubwa hubaki na maji mengi kuliko mizizi michanga inavyoweza kunywa, na maji hayo ndiyo huiozesha.