Protini isiyozimika katika saratani ya mirija ya nyongo

Saratani ya mirija ya nyongo huanza katika seli zilizotanda ndani ya mirija inayotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumbo mwembamba. Ikiota ndani ya ini hukaa kimya muda mrefu. Mirija ikiziba, macho huwa ya manjano, mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka na ngozi huwasha.

Ilagala, karibu na Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, ini lina maadui wanaojulikana zaidi: kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hukwama humo na kuacha makovu, na homa ya ini B. Dalili peke yake hazitoshi kuyatenganisha magonjwa haya na saratani hiyo. Altrasaundi huonyesha mirija iliyotanuka, lakini jina la uvimbe hupatikana kwenye kinyama kinachokatwa na kusomwa kwa darubini.

Kinyama hicho kina habari nyingine, nayo siku hizi ina thamani kubwa. Juu ya seli kuna protini iitwayo FGFR2, kazi yake kupokea ujumbe wa ukuaji. Kichocheo kikiigusa, protini mbili hushikana, sehemu zake za ndani hubandikana fosfeti, na amri ya kugawanyika hupita hatua kwa hatua hadi kwenye kiini. Kichocheo kikiondoka, amri hukoma.

Kwa wagonjwa kama 10 hadi 15 katika kila 100 wenye saratani ya mirija iliyo ndani ya ini, jeni ya FGFR2 imekatika na kuungana na jeni nyingine, kwa mfano BICC1. Kipande kilichoungwa huzifanya protini zishikane zenyewe, na seli hugawanyika bila kuamriwa. Muungano huu hutokea ukubwani ndani ya uvimbe. Mgonjwa hakuurithi wala hamrithishi mtoto, na familia inastahili kuambiwa hivyo mapema.

Dawa ya pemigatinibu, iliyoidhinishwa Marekani Aprili 2020, huziba kijishimo ambamo protini hiyo hupatia nguvu. Katika utafiti wake uvimbe ulisinyaa sana kwa wagonjwa 38 kati ya 107 wenye muungano huo. Asiye nao hapewi, kwa hiyo kipimo cha jeni hutangulia. Dawa hugusa pia figo, fosfeti ikapanda kwenye damu. Mgonjwa hushauriwa kupunguza vyakula vyenye fosfeti nyingi. Kwa mtu wa Ilagala, hapo wamo dagaa, maana huliwa na mifupa yao.

Baadaye kijishimo huweza kubadilika umbo na dawa ikakosa pa kushika. Dawa nyingine, futibatinibu, iliyoidhinishwa huko Septemba 2022, hujifunga kwenye protini isiachie, na huyashinda baadhi ya mabadiliko hayo, si yote.