Njia ya baiskeli Outering ipo, mbona tunaogopa kuitumia?

Kama unaishi Kariobangi, hebu piga hesabu hii kabla hujaendelea kusoma. Tuseme nauli ya kwenda tao ni sh80 asubuhi, na jioni unalipa hiyo hiyo. Hiyo ni sh160 kwa siku. Ukienda job siku 24 kwa mwezi, umemwachia makanga sh3,840. Na hapo bado hatujahesabu siku za mvua, zile nauli hupanda kabla hata tone la kwanza halijagusa lami.

Sasa angalia umbali. Kutoka Kariobangi hadi katikati ya jiji ukifuata Juja Road ni kama kilomita tisa hivi. Mtu asiye na haraka, kwa baiskeli ya kawaida, anazimaliza kwa dakika 40 au 50. Kuna asubuhi mathree inakula muda huo wote kabla haijavuka Pangani.

Kwa hivyo mbona hatupandi? Uliza marafiki zako watano leo. Huenda mmoja akakuambia hana doo ya kununua baiskeli, mwingine atasema hataki kufika ofisini akinuka jasho. Lakini wengi watakupa jibu moja fupi: "Nitagongwa." Huyo anayesema hivyo si mwoga wala si mvivu. Anaijua barabara.

Takwimu ziko upande wake. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ilirekodi vifo 4,324 barabarani mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata, 2024, vikapanda hadi 4,748. Kundi linalopoteza watu wengi zaidi kila mwaka ni la waenda kwa miguu, yaani watu wa kawaida wanaovuka waende kazini, shule ama dukani. Kwa jiji ambalo karibu safari nne kati ya kila kumi hufanywa kwa miguu, wenye magari ni wachache lakini barabara imejengwa kama ni yao peke yao. Baiskeli nayo hubeba kama safari moja au mbili tu kati ya kila mia.

Lakini kuna watu Nairobi waliokataa kungoja barabara iwe salama ndipo wapande.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Kundi lenyewe linaitwa Critical Mass Nairobi. Lilianza mwaka wa 2014, na anayetajwa kama mwanzilishi ni Cyprine Odada, mtaalamu wa mipango ya miji. Wazo halikuzaliwa hapa. Msafara wa kwanza wa aina hii ulifanyika San Francisco, Marekani, Septemba 1992, na tangu hapo umesambaa hadi mamia ya miji duniani. Lakini ukiuona ukipita tao utakubali kwamba umeshika rangi ya Nairobi.

Mpango ni rahisi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanakutana na baiskeli zao, wanapanda pamoja, wanazunguka jiji kwa mwendo wa pole. Hakuna mashindano na hakuna medali. Utaona baiskeli ya mbio ya bei ya gari kuukuu ikienda sambamba na Black Mamba yenye keria ya chuma. Yule aliyejifunza kupanda mwezi jana anaenda bega kwa bega na yule wa miaka ishirini barabarani.

Kazi ngumu inafanywa na wanaojitolea. Hao ndio wenye mavazi ya kung'aa utakaowaona wakisimama kwenye makutano, mkono juu, wakiomba magari yangoje kidogo hadi msafara upite mzima bila kukatwa. Wengine wanakaa nyuma kabisa na wale wanaochoka, na wale ambao cheni imetoka ama tairi limeisha upepo. Hakuna anayewalipa. Wanatoa Jumamosi yao ili mgeni apande katikati ya Nairobi kwa mara ya kwanza na arudi nyumbani salama.

Unaweza kusema, sawa, ni Jumamosi moja tu, mimi Jumatatu nitakuwa peke yangu na mathree za Juja Road. Ni swali la haki, na ndilo swali kuu hapa.

Kuna usalama kwa wingi

Mwaka wa 2003 mtafiti wa Marekani, Peter Jacobsen, alilinganisha takwimu za miji na nchi kadhaa. Alitaka kujua kitu kimoja: watu wakiongezeka kwenye baiskeli, ajali zinaongezeka kwa kiwango hicho hicho? Jibu lilishangaza wengi. Alipata kwamba idadi ya waendeshaji ikiongezeka mara mbili, hatari kwa kila mmoja wao hupungua kwa karibu theluthi moja.

Sababu yake hata wewe umeiona mtaani. Dereva wa mathree anayekutana na baiskeli moja kwa siku huishughulikia kama kero. Anayekutana na baiskeli hamsini kabla ya saa mbili asubuhi huanza kuzitarajia. Anaangalia kioo cha pembeni kabla ya kuingia stage. Si kwamba ameokoka ghafla. Macho yake yamezoea tu.

Hapo ndipo utaelewa kwamba msafara wa Jumamosi si pikiniki. Kila mtu anayejifunza humo kupanda bila kutetemeka ni baiskeli moja zaidi barabarani Jumatatu. Na kila baiskeli inayoongezeka inapunguza hatari ya yule aliyekuwa peke yake.

Si mambo ya Karen

Kuna dhana mtaani kwamba baiskeli ni mchezo wa watu wa Karen na Gigiri, wenye nguo za kubana na miwani ya bei. Hebu simama karibu na Light Industries alfajiri ndipo urudi useme hivyo. Utaona wazee na vijana wakiingia kazini kwa baiskeli, kuna aliyefunga mitungi ya maji, kuna aliyebeba mikate, kuna fundi aliyefunga vyuma kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Hao hawajawahi kuitwa wanaharakati wala hawapigwi picha. Lakini wao ndio wamekuwa wakishikilia nafasi ya baiskeli Eastlands miaka yote.

Na historia iko nao. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli, kule Busia, vijana walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya mpaka wa Kenya na ule wa Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina na kazi. Kwa hivyo nduthi zote unazoziona hapo stage zina babu mmoja, na babu huyo ni baiskeli.

Majirani zetu nao hawajalala. Dar es Salaam kuna UWABA, umoja wa wapanda baiskeli ambao kwa miaka mingi umekuwa ukidai nafasi yao barabarani. Kigali, tangu 2016, kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungiwa magari, watu wakaachiwa wakimbie na kuendesha.

Outering: lami ipo, nafasi hakuna

Turudi nyumbani. Outering Road ilipopanuliwa, kutoka upande wa Thika Road hadi ule wa Taj Mall ya zamani, kilomita 13 hivi, haikujengewa magari peke yake. Ilitengewa pia njia za miguu na za baiskeli pembeni. Kwa makaratasi, basi, mtu wa Kariobangi amebahatika. Kuna mitaa mingi Nairobi isiyo na hata hatua moja ya njia kama hiyo.

Lakini jaribu kuipita saa kumi na moja jioni. Hapa kuna kibanda cha viatu, pale nduthi kumi zinangoja wateja, mbele mathree imepanda juu ya ukingo ikiruka jam, na mahali pengine kifuniko cha mtaro kimeng'olewa kikauzwa kama chuma chakavu. Unaishia kushuka na kusukuma, ama unarudi kwenye lami kubwa ujipange na malori.

Usikimbilie kumlaumu mama wa kibanda. Yeye pia anatafuta, na hakuonyeshwa pa kwenda. Lakini dereva anayepanda njia ya miguu ana kosa wazi. Sheria ya trafiki ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2012 ikaharamisha jambo hilo. Tatizo ni kwamba njia isiyo na waendeshaji huonekana kama uwanja mtupu, na uwanja mtupu Nairobi haukai siku mbili kabla haujapata mwenyewe.

Linganisha na UN Avenue kule Gigiri. Hiyo ilikamilika mwaka wa 2011, ikawa barabara ya mfano ya mradi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikiwa na njia safi za miguu na baiskeli. Inapendeza. Lakini mtu anayehitaji baiskeli ili abaki na pesa ya unga haishi Gigiri. Anaishi huku kwetu.

Wanachofundisha

Ukikaa na wanaojitolea utagundua kwamba mafunzo yao si ya vitabu. Ni mambo ambayo mtu angekwambia kabla hujatoka kwa geti.

Kwanza, hewa, breki, cheni. Bonyeza matairi, finya breki zote mbili, zungusha pedali. Inachukua dakika moja. Breki mbovu ni kazi ndogo kwa fundi wa mtaani.

Pili, panda upande ambao magari yanaenda, kushoto. Wengi huamini ni salama kuyapanda magari uso kwa uso kwa sababu unayaona. Si kweli. Dereva anayetoka barabara ndogo haangalii upande huo.

Tatu, chunga mlango wa mathree. Mlango wake uko kushoto, upande ule ule wako. Mathree ikipunguza mwendo, makanga ameshatoa mguu nje na abiria wameshainuka. Usijipenyeze kati yake na ukingo. Ngoja, ama angalia nyuma vizuri upite kulia.

Nne, lori likiwa na indiketa ya kushoto, wewe huna haraka. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, jua naye hakuoni.

Tano, onekana. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na reflekta. Giza la Komarock Road halina huruma na jaketi nyeusi. Earphone weka mfukoni, na helmeti vaa hata kama unaenda karibu.

Hata Uholanzi ilikuwa hivi

Huwa tunaona picha za Amsterdam na kudhani wale watu walizaliwa na njia za baiskeli. Mwaka wa 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara za Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakachoka kuzika. Waliandamana, walifunga barabara, waliketi juu ya lami na watoto wao hadi serikali ikabadilisha namna ya kujenga miji. Njia unazozitamani leo ni matunda ya watu wa kawaida waliosumbua wakubwa.

Sisi hata tunaanzia mbele yao, maana karatasi tayari iko. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini. Sera hiyo inataka asilimia 20 ya bajeti ya usafiri ya kaunti iende kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Soma tena: asilimia 20. Halafu toka nje uangalie mtaro ulio mbele ya ploti yenu.

Kwa hivyo siku kaunti itakapoita watu kutoa maoni kuhusu bajeti, usiwaachie wazee na wale wa kufuata chai na mandazi. Iwe uko wadi ya Kariobangi Kaskazini ama Kariobangi Kusini, una MCA, na swali lako ni fupi: ile asilimia 20 yetu imefanya nini Outering na Komarock Road? Uliza kwa heshima, lakini uliza ukiwa na wenzako kumi.

Kabla ya hapo, anza na kidogo. Kama kuna baiskeli imening'inia kwenye balcony tangu corona, ishushe, ipeleke kwa fundi. Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, jaribu njia ya kwenda tao mara moja ujue mashimo yako wapi. Tafuta majirani wawili wanaoelekea upande wako, mtoke pamoja, maana watatu huonekana haraka kuliko mmoja. Halafu Jumamosi ya mwisho wa mwezi nendeni mkapande na wale wengine.

Sikuahidi kwamba utakuwa salama kabisa. Hakuna mtu Nairobi anayeweza kukuahidi hivyo, awe kwa miguu, kwa nduthi ama kwa mathree. Lakini yule mzee wa mikate anayepita Outering kila alfajiri amekuwa peke yake kwa muda mrefu. Ukiongezeka wewe na wenzako wawili, madereva wataanza kumwona pia.