Hundi ya Kadibodi Si Barua ya Ajira

Kijana mmoja aliniletea vyeti saba vya hakathoni, yale mashindano ya kuandika programu kwa siku chache, amevipanga vizuri ndani ya faili, akaniuliza kwa nini bado hana kazi. Swali hilo naulizwa kila mwezi, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Wengi wanaamini kampuni huja kwenye hakathoni kuajiri washindi. Sivyo. Mshindi hupatikana kwa maelezo ya dakika chache mbele ya majaji. Mwajiri makini anatazama tangu asubuhi ya kwanza: nani husoma ujumbe wa hitilafu hadi mwisho, nani humwelekeza mwenzake bila kumdharau, nani yuko tayari kufuta alichokipenda ili programu ifanye kazi.

Halafu kuna hii ibada ya kukesha. Ni upuuzi, na unadhuru. Msimbo ulioandikwa saa tisa usiku kwa nguvu za vinywaji vya makopo huharibu ule uliokuwa unafanya kazi saa tatu. Upuuzi mwingine ni hofu ya kuibiwa wazo. Programu ya kuwaunganisha wakulima na soko nimeionyeshwa katika kila ukumbi niliowahi kuingia. Kilichokosekana ni mtu wa kuimaliza.

Nilikusudia sasa nilinganishe hakathoni na vikao vya jioni vya waandishi wa programu, lakini siwezi kuipita Calgary, maana ndiko jina la hakathoni lilikoanzia. Juni 1999, watu kumi wa mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD walikutana katika mji huo wa Kanada, na mkutano wao ndio wa kwanza kujulikana kwa jina la hakathoni. Kwa nini Kanada? Sheria za Marekani wakati huo zilibana usafirishaji wa programu za usimbaji fiche kwenda nje, nao walitaka kuziandika pasipo kizuizi hicho. Hapakuwa na zawadi wala jaji. Palikuwa na kazi ngumu ya usalama wa mtandao, na watu waliozoea kuandikiana barua pepe sasa wamekaa meza moja. Mwaka huohuo mradi huo ulitoa OpenSSH, ambayo hadi leo mafundi hutumia kuingia kwenye seva duniani kote.

Kilichobaki Calgary ni kazi iliyofanywa pamoja, si cheti. Ndiyo maana, ninapomtathmini mtu, mimi huanza na historia ya Git, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo na aliyelifanya. Nikiona badiliko moja kubwa, la mtu mmoja, lenye maelezo “mwisho kabisa”, sijajifunza lolote kuhusu timu. Nikiona mabadiliko arobaini madogo yenye majina matatu, na kila moja limeeleza sababu yake, naona jinsi walivyofikiri. Naona pia walipokosea na nani aligundua. Hata badiliko lililorudishwa nyuma hunifurahisha, maana mtu alikubali kwamba amepotea.

Vikao vya jioni, kama vile vilivyoshamiri katika kituo cha teknolojia cha iHub, Nairobi, kuanzia 2010, husaidia kwa njia hiyohiyo: mtu huonekana mara nyingi, akiuliza na kujibu.

Basi tulifungua miradi saba ya yule kijana. Badiliko la mwisho la kila mmoja lilikuwa la Jumapili ya mashindano. Nikamwomba achague mmoja aurudie. Alichagua ule wa nauli za daladala, na kabla hatujaagana alikuwa ameshagundua kwamba nauli ya wanafunzi haikuwahi kuingizwa.