Ngazi za Usimulizi na Suala la Marudio katika Riwaya ya Kusadikika

Naratolojia ni taaluma inayochunguza namna matukio yanavyopangwa na kusimuliwa. Istilahi hiyo ilibuniwa na Tzvetan Todorov mwaka 1969, ingawa msingi mmojawapo wa taaluma hii uliwekwa mapema na Vladimir Propp mwaka 1928. Katika uchambuzi wake wa ngano za Kirusi, Propp alibainisha majukumu 31 yanayofuatana kwa utaratibu maalumu. Kwa ufupi, ngano huanza na upungufu au madhara. Shujaa huondoka kwao, hujaribiwa, hukipata kinachotafutwa, kisha hurejea na kutuzwa.

Kielelezo hicho kinaafiki kwa kiasi kikubwa visa vya Kusadikika (1951), riwaya ya Shaaban Robert. Wajumbe sita wanatumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mmoja anapata taabu safarini na kurejea na maarifa ya kuistawisha nchi. Tofauti inajitokeza mwishoni, kwani badala ya kutuzwa, kila mjumbe anatiwa gerezani. Mhakiki anayezingatia mfuatano wa majukumu pekee anaweza kuhitimisha kwamba visa hivyo vinafanana mno, na kwamba marudio hayo ni udhaifu wa msuko.

Mkabala wa Gérard Genette, uliochapishwa mwaka 1972, unaelekeza kwenye hitimisho tofauti. Genette anatenganisha mambo matatu: matukio yenyewe, matini inayoyawasilisha, na tendo la kusimulia. Anaeleza pia kwamba msimulizi anaweza kuwa mhusika aliyemo ndani ya hadithi nyingine, hivyo kukawa na ngazi ya nje na ngazi ya ndani.

Katika Kusadikika, ngazi ya nje ni kesi ya Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kueneza elimu ya sheria. Ngazi ya ndani ni safari za wajumbe, ambazo Karama anazisimulia barazani kwa kisengere nyuma ili kujitetea. Kesi inapoanza, wajumbe wote wamekwisha kufungwa. Hivyo, Karama anapozisimulia safari hizo, anatoa ushahidi. Angeweza kuzifupisha zote kwa maelezo ya mara moja, lakini dhuluma iliyotendwa mara sita inasimuliwa mara sita. Kisa kimoja kingeweza kuchukuliwa kuwa ajali; sita vinathibitisha desturi ya utawala. Kufanana kwa visa ndiko kunakoipa hoja yake nguvu.

Aidha, jukumu la mwisho katika mfuatano wa Propp halijatoweka, bali limehamishiwa ngazi ya nje. Baada ya kuusikiliza utetezi, mfalme anamwachilia Karama pamoja na wajumbe waliofungwa. Jambo ambalo safari sita hazikulipata linapatikana kwa kusimuliwa kwa safari hizo mbele ya wenye mamlaka. Muundo wa riwaya, kwa hiyo, unabeba dhamira yake: haki inahitaji mtu wa kuinenea na baraza la kumsikiliza.

Inadhihirika kwamba kuorodhesha majukumu hakutoshi katika uhakiki wa muundo. Kabla ya kuyahukumu marudio, ni sharti ibainishwe ni nani anayesimulia, anamsimulia nani, katika mazingira gani na kwa kusudi lipi.