Nalala, Nakula, Sisikii

Nilifika katika kliniki ile ya maradhi ya akili, iliyo katika mji mmoja wa mwambao wa Kenya, kwa haja nyingine kabisa, nayo ni kumsindikiza jamaa yangu aliyekwenda kudungwa sindano yake ya mwezi; na lau si kuketi kwangu karibu na mlango, nisingalisikia jambo ambalo tangu siku hiyo limekataa kunitoka masikioni.

Kila mgonjwa aliyeingia, kabla hajaketi, na kabla muuguzi hajainua uso wake kutoka daftarini, alitamka kwa pumzi moja: "Nalala, nakula, sisikii." Aliingia mzee wa kanzu, akafuata kijana wa bodaboda, akafuata mwanamke mwenye mtoto mgongoni, nao wote waliyasema kwa mahadhi yale yale, kama watoto wa chuoni wanaomsomea mwalimu sura waliyoihifadhi zamani. Robo saa ilinipita kabla sijafahamu kwamba hayo yalikuwa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza: walala? wala? wasikia sauti za watu wasioonekana? Muuguzi alitia alama tatu, akaandika tarehe ya kurudi, sindano ikadungwa, mwingine akaitwa. Mzee mmoja alisahau neno la kati, akatoka, kisha akarudi mbio mlangoni kuongeza "na nakula", foleni nzima ikacheka, muuguzi hakucheka.

Nilimngoja hadi adhuhuri. Ni mama wa makamo, aliyeitumikia kazi hii miaka ishirini na tisa, naye aliniomba nisimtaje.

"Maswali yale ni yangu, mwanangu," alisema. "Niliyatunga mwenyewe."

Alipoanza kazi walikuwa wauguzi watano, na mgonjwa aliketi akaeleza sauti yatoka upande gani, ya mume au ya mke, yafanana na ya nani, naye akaandika kurasa mbili tatu. Mmoja akenda Uingereza, mwingine Saudia, mwingine akastaafu na kiti chake kikabaki kitupu, ilhali wagonjwa wakizidi. "Nikatafuta maswali mafupi, nao wakatafuta majibu mafupi zaidi."

Msomaji anazijua habari za jumla: nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019 ilikuwa na madaktari bingwa wa akili karibu 100 tu, aghalabu wao wakiwa Nairobi, na Julai 2021 serikali yetu ikatia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi Uingereza.

Nilimwuliza mama yule iwapo ni kweli wote hawasikii. Akanitazama kwa huruma, kama amtazamaye mgeni. "Wasikia. Lakini akikiri, itampasa amwone daktari, na daktari huja Alhamisi, na nauli ya kurudi ni yake. Basi hasikii."

Jumamosi muuguzi huyu huenda kufanya kazi katika kliniki ya binafsi, ambako kuna zulia, maua, na saa ya ukutani iliyoelekezwa kwa mganga wala si kwa mgonjwa, kwa sababu mwenye mali amekwisha kukadiria wagonjwa wanne kila saa. Dawa ina bei juu ya kibandiko chake, alisema, kwa hiyo huipa kampuni ya bima jambo la kuhesabu. Kusikiliza hakuna kibandiko. Na wagonjwa wa huko, wenye viatu vizuri, je, nao wamehifadhi majibu? Alifikiri kidogo, akasema wao huyasema kwa Kiingereza.

Nilimtajia Harare, ambako tangu 2006 Daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi wa mitaani kuketi mabenchini na watu waliolemewa na huzuni na wahaka, maadamu madaktari walikuwa wachache mno. Alilipenda jambo hilo mno. "Mwenye huzuni, sawa," akasema baadaye. "Na mwenye sauti, aketi na nani?" Sikuwa na la kumjibu, naye alikuwa keshafungua daftari la alasiri.

Katika matatu, tukirudi, nilimwuliza jamaa yangu kama na yeye hasikii. Alinyamaza hadi tukapita vituo viwili. Kisha akaniambia kwamba ni sauti ya marehemu nyanya yetu, nayo humhimiza ale. Akaniomba nisimwambie mtu kliniki, wasije wakamwongezea dawa.