Motokaa Ikiugua Njia ya Migori

Wajaluo huiita motokaa nyamburko. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza Homa Bay, baada ya sala ya Alfajiri, nimesimama uani kwa mwenyeji wangu na kanzu yangu ya pasi, na nyamburko yangu imekataa kuwaka.

Ndugu msomaji, haikuwa safari ya matembezi. Binti wa marehemu ndugu yangu, ambaye ni mwalimu wa shule huko Migori, alikuwa anaolewa siku ile. Baba yake na babu yake wametangulia mbele ya haki, na kaka hana, kwa hiyo walii wake ni mimi. Nikaha ilipangwa baada ya Adhuhuri. Ningeweza kumweka wakili, na sheria yaruhusu, lakini nilikuwa nimelitoa gari Mombasa hadi ziwani ili niushike mkono wa bwana harusi mimi mwenyewe.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, kikongwe. Wasomaji wa makamo yangu hawana haja ya kuelezwa gari hilo: ndilo lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hapa Kenya liliendelea kuunganishwa hadi 2004. Mwenyeji wangu, mzee ambaye majirani wote humwita Jaduong', aliendesha gari la aina hiyo miaka mingi akibeba abiria baina ya Homa Bay na Kisumu. Mpwa wangu alikuwa ameshashika njia kwenda kutafuta fundi. Jaduong' akamrudisha.

"Washa taa kwanza, kijana. Haya, sasa piga stata."

Stata ikasema tik, mara moja tu, na taa zikafifia kama kibatari kilichokwisha mafuta. Mzee akatikisa kichwa. Taa zikizama hivyo, akasema, umeme haufiki: ama betri imechoka ama njia yake imeziba. Lau taa zingebaki kali na stata ikanyamaza, tungeitazama stata na nyaya zake. Na lau stata ingezunguka kwa nguvu bila injini kushika, hapo ungeuliza habari za cheche na petroli.

"Gari limekwisha kusema," akamwambia mpwa wangu. "Wewe wataka kumlipa mtu aje akwambie maneno yale yale?"

Akafunua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe, mfano wa chumvi iliyokaukia mwambani maji yakitoka. Akafungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, hupiga cheche, na betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Akahakikisha vifuniko vimekaza, akaomba jikoni magadi kidogo katika maji ya moto, akamwagia vile vichwa. Unga ule ukatoka povu, kwani asili yake ni tindikali, na magadi huivunja makali. Akausugua kwa mswaki mkuukuu, akarudisha chanya na kumalizia hasi, akapaka mafuta ya mgando. Gari likawaka. Gharama yake ni kijiko cha magadi yaliyowekewa maharagwe.

Nilimkumbuka kalafati wa kwetu. Yeye hagongi ubao wa dau apate kuung'oa. Hugonga asikilize kama ni mzima au umeoza, ndipo ashike patasi. Lakini wengi tunaowapelekea magari siku hizi huanza na patasi. Abadilisha plagi, abadilisha pampu, kila kilichobadilishwa walipia, na ugonjwa ungali pale pale. Hata hayo magari mapya yenye mashine ya kuchomekwa chini ya usukani, mashine hutaja namba, na namba huonyesha mahali palipolalamika, wala si lazima ndipo palipoumia.

Jaduong' tukamchukua harusini. Mbele yetu lori la miwa lilikuwa likitapika moshi mweusi, na mzee akaona ni darasa. Moshi mweusi, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa, na pengine chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Moshi wa kibuluu, inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, maji yameingia mahali pasipo pake.

Tulipita Rongo. Kabla ya Awendo mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafumka chini ya boneti. Tukasimama kando ya miwa. Saa ilikuwa sita kasoro. Mpwa wangu, kwa haraka ya kunifikisha, akakunja kitambaa akakinyosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta. Jaduong' alimpiga mkono ule kofi nililolisikia mimi niliye upande wa pili.

Sikumlaumu. Kwetu Mombasa maji ya sufuria hutokota kwa nyuzi 100. Huku ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hutokota kwa nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta, kifuniko huyabana yakapita hata nyuzi 100 yakiwa bado maji. Ukifungua, yote hutaka kuwa mvuke kwa mara moja, na njia yake ni uso wako. Kitambaa hakizuii kitu.

Tukangoja, wallahi, nusu saa ndefu kuliko zote nilizowahi kuketi. Mzee alikuwa akiubonyeza mpira wa juu wa rejeta kidogo kidogo. Ulipokuwa laini na wa vuguvugu ndipo alipofungua. Mpira ulikuwa umepasuka mdomoni, penye kibanio. Akaikata ncha iliyopasuka kwa kisu, akausukuma mpira mahali pake, akakaza. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi, safi. Ingekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, gasketi imekwisha na safari imekwisha. Mama mmoja akatuletea dumu la maji na akakataa fedha. Tuliyatia polepole huku injini ikiwaka, kwa sababu maji baridi ya ghafla katika chuma cha moto huweza kukipasua.

Kuna mambo Jaduong' haruhusu nyumbani hata kwa mjuzi. Breki, kama pedali yazama kama sifongo, peleka kwa mwenye kazi yake. Na usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Hapa nilinyamaza, kwa kuwa nimebeba jeneza la jirani aliyelaliwa na gari lake mwenyewe akitafuta tone la oili.

Migori tulifika Alasiri inakaribia. Shekhe alikuwa bado ameketi, Mungu amjazi kheri. Niliushika mkono wa bwana harusi kwa mkono ulionuka mpira na grisi, na akasema nimekubali.

Baada ya pilau akamwendea Jaduong' kwa adabu. Ana Probox, akasema, nayo ikikata kona hulia tak-tak-tak magurudumu ya mbele. Ameambiwa anunue springi nne.

"Nani kaisikia?" mzee akauliza, akinawa mikono. "Leta funguo. Zunguka uwanja huu polepole, kata kulia, halafu kushoto, mimi nitasimama hapa."